Tik-tik kwenye Corolla 110: wiki mbili za kuwinda mlio

Jumamosi

Nimewasha gari, nikaenda kufungua geti, kurudi nakuta kuna kitu kinalia ambacho jana hakikuwepo. Tik-tik-tik, kavu, ya haraka, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Gari ni Corolla 110, injini 5A-FE, sisi 1498, valvu 16, bado ile yenye distribyuta na waya nne za plagi. Ninayo mwaka wa sita huu. Kelele zake nyingine nazijua: belti ya alteneta asubuhi za mvua, feni ikiingia, plastiki ya dashibodi kwenye matuta. Hii siijui.

Oili ipo, katikati ya alama mbili. Taa nyekundu ya oili inazimika ndani ya sekunde moja. Maji yapo. Haimisi, yaani hakuna silinda inayokosa kuwaka. Sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, mshale uko chini kidogo ya mizunguko 800 kwa dakika.

Nikapita kwa fundi wa mtaani. Hakufungua hata boneti. "Tapeti hizo, bosi. Weka oili nzito, 20W-50, itanyamaza. Isiponyamaza tunafungua juu." Bei ya kufungua juu ilikuwa laki mbili na nusu. Nikashukuru, nikaondoka.

Sikubishana naye, ila naandika hapa nisisahau. Tapeti za injini hii si zile zinazojazwa na oili. Ni kikombe cha chuma kimekaa juu ya valvu, na juu ya kikombe kuna kisahani ambacho kamu, ile nundu ya mhimili unaofungua valvu, inakikandamiza. Nafasi kati ya kamu na kisahani inategemea unene wa kisahani. Oili nzito inaweza kufunika kelele kidogo, lakini nafasi itabaki vilevile.

Jumapili

Kabla ya kushika spana nimehesabu. Krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kila silinda inawaka mara moja, na kamshafti, mhimili wenye kamu, inazunguka mara moja. Kwa hiyo kwenye sailensa ya 800, kitu kinachotokea kwenye valvu moja au silinda moja kitalia mara 400 kwa dakika, yaani kama mara 67 kwa sekunde kumi. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) ikifa, kwa kawaida mlio unafuata krankshafti, mara 133 hivi kwa sekunde kumi, tena mlio wake ni mzito, unausikia tumboni.

Sikio haliwezi kuhesabu mwendo huo. Nimerekodi kwa simu, nikaicheza kwa nusu ya kasi, nikawa naweka nukta kwa kalamu nyuma ya risiti. Mara ya kwanza 64, ya pili 67, ya tatu 66.

Hapo nikapumua. Injini haijanoki, yaani beringi za konrodi hazijafa. Lakini washukiwa waliobaki wote wanatembea kwa mwendo huohuo: valvu, nozeli (zinazopuliza petroli), gasketi ya manifoldi ya ekzosi (bomba la kwanza la moshi, lililofungwa kwenye injini), plagi. Hesabu imeniambia mtaa anakokaa mwizi. Nyumba bado.

Jioni nimechukua mpira wa maji wa mita moja, ncha moja sikioni, nyingine naitembeza juu ya injini. Nozeli zote nne zinatiktika, laini, sawasawa, kama saa za ukutani. Hiyo ndiyo kazi yao, ziachwe. Ninaoutafuta una makali zaidi na unatokea katikati ya hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu, kama upande wa silinda ya pili au ya tatu. Nikajaribu na bisibisi ndefu, mpini sikioni, nikapata jibu lilelile lisilo na uhakika. (Ukifanya hivi funga shati vizuri. Belti haina urafiki.)

Jumatano

Jaribio la ekzosi. Injini ikiwa ya baridi, mwanangu ameziba bomba la nyuma kwa kitambaa kikubwa sekunde tatu nne, mimi nimeinama kwenye manifoldi. Kwenye gari hii manifoldi iko mbele, upande wa rejeta, kwa hiyo inafikika. Kama gasketi imetoboka au chuma kimepasuka, hewa ikikosa njia nyuma itajitokeza pale kwa kelele zaidi. Haikuongezeka. Wala hakuna masizi meusi kwenye maungio. Manifoldi nimeiachia huru kwa dhamana.

Jumamosi ya pili

Leo ilikuwa siku ya valvu, na imekula saa tano nzima.

Nafasi inapimwa injini ikiwa baridi kabisa, hivyo gari ililala bila kuwashwa tangu jana. Nimechomoa waya za plagi, nikatoa tapeti kava, kifuniko cha juu ya valvu. Waya ya namba tatu ilitoka na weusi kidogo kwenye mpira wake. Nikaufuta kwa kidole, nikasema moyoni ni vumbi na oili ya miaka mingi, nikaendelea.

Kuzungusha krankshafti kwa mkono ni rahisi ukitoa plagi, kwa sababu mgandamizo unakuwa haupo. Kila fundi analijua hilo, hata mimi nalijua. Nikaona uvivu, nikaziacha plagi ndani, nikazungusha kwa nguvu za mabega. Kumbukeni hili.

Pistoni ya silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye mgandamizo, unapima valvu za kuingiza za silinda 1 na 2, na za kutolea za 1 na 3. Unazungusha krankshafti mzunguko mmoja kamili, unapima zilizobaki. Kuingiza inatakiwa iwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, kutolea kati ya 0.25 na 0.35. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa ugumu kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu.

Valvu 15 ziko ndani ya kiwango. Moja ya kutolea, silinda ya nne, imesoma 0.22. Yaani imebana, na valvu iliyobana haipigi kelele. Inayopiga kelele ni iliyolegea. Ya kubana inaungua kimyakimya, kwa sababu haikai vizuri kwenye kiti chake ikapoa. Kwa hiyo nimekuta ugonjwa, lakini si ule uliotuleta hospitali.

Nimerudisha kava, silikoni kidogo kwenye kona, waya mahali pake. Nikawasha. Tik-tik-tik.

Mke wangu alikuwa barazani anachambua mchicha. "Mbona inalia vilevile?" Sikuwa na la kujibu.

Jumapili ya pili

Nimeipeleka barabarani nikiwa nimezima redio na kushusha vioo vyote. Gongo la Mboto, kisha ule mpando wa Pugu kuelekea Kisarawe. Hapa ndipo nilipaswa kuanzia. Nikikanyaga mafuta kupanda, mlio unakuwa mkali, unabadilika kabisa, si tik tena bali chaf-chaf-chaf, una hewa ndani yake. Nikiachia mafuta gari ikajishukia na gia, unakufa kabisa.

Valvu iliyolegea haijali kama unapanda au unashuka, yenyewe inafuata mizunguko. Kitu kinachojali mzigo kinahusiana na moto ndani ya silinda.

Nyumbani nikafanya jaribio la mwisho. Zima injini, chomoa waya ya plagi moja, chomeka plagi ya akiba kwenye waya hiyo na kuilaza ikigusa chuma cha injini, washa, sikiliza sekunde chache, zima. Msichomoe waya injini ikiwa inaunguruma kwa kudhani mna mikono ya mpira. Umeme ule unatupa mtu, na ukikosa pa kwenda unaweza kuua vifaa vya kuwashia moto. Pia usikae muda mrefu hivyo, petroli isiyowaka inateremka kwenye ekzosi.

Silinda ya 1: injini inatetemeka, tik ipo. Ya 2: ipo. Ya 3: injini inatetemeka, na kimya. Nikarudishia waya, tik. Nikachomoa tena, kimya.

Nikazima na kungoja ipoe, kwa sababu hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake zinaharibika kirahisi ukilazimisha zikiwa za moto. Saa moja na nusu. Kisha nikaingiza soketi ya 16 kwenye shimo la namba tatu, na mkono mwingine ukawa unatafuta racheti kwenye boksi. Sikuihitaji. Soketi ilizunguka kwa vidole viwili tu, kama kifuniko cha chupa ya soda iliyokwisha kufunguliwa.

Plagi ilitoka na masizi kuanzia kwenye nyuzi hadi juu ya wosha. Kila silinda ilipowaka, moto kidogo ulikuwa unachungulia pembeni ya plagi, chaf, na shimo refu lile likaugeuza kuwa tik kufika sikioni.

Aliyeifunga ni mimi. Miezi miwili nyuma nilibadilisha plagi zote jioni, kwa taa ya barazani. Namba moja na mbili nikakaza. Ya tatu nilikuwa nimeizungusha kwa mkono hadi ikakaa, Luku ikaisha. Nilipotoka kununua umeme na kurudi, nikaendelea na namba nne.

Na jana, kama ningetoa plagi ili krankshafti izunguke kirahisi, ningeikuta dakika ya kumi.

Jumanne

Nimesafisha nyuzi za hedi kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti. Ziko nzima. Plagi ya zamani sikuirudisha, wosha yake imeshaungua. Mpya nimeiingiza kwa mkono hadi ikagota, kisha tokirenchi ya kuazima (spana inayopima nguvu ya kukaza), 18 Nm. Usipokuwa na tokirenchi, plagi mpya ikishagota kwa mkono unaongeza nusu mzunguko. Plagi iliyokwisha kufungwa mara moja wosha yake imeshabonyea, hiyo inahitaji kijisehemu tu, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Nimehakiki nyingine tatu pia. Zimekaza.

Nimewasha. Nozeli nne, saa za ukutani, basi.

Nimepita kwa fundi jioni kununua kopo la kulanti. Spana boi wake akainamisha sikio upande wa boneti. "Uliweka ile oili nzito eeh?" Fundi akajibu kabla yangu: "Si nilimwambia itanyamaza."

Nimelipa kulanti nikaondoka.

Kilichobaki: ile valvu ya kutolea ya silinda ya nne. Nafasi ni 0.22, naitaka 0.30, kwa hiyo kisahani kiwe chembamba kwa 0.08. Vinauzwa kwa kupishana 0.05, nitachukua kilichopungua 0.10, nafasi iwe 0.32. Ila sharti kwanza nitoe kilichomo na kukipima kwa maikromita, na maikromita ninayoijua iko kwa jamaa mmoja wa kuchonga vyuma Gerezani. Jumamosi nitamfuata. Safari hii plagi zote nne zitatoka kwanza.