Mabati ya Zizi Juu ya Mille Lacs

Mwaka ule shemeji alikuwa amechoka kukodi. Kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu, wikendi moja tu kule ziwa Mille Lacs, jimbo la Minnesota, Marekani, kilimla hela ambazo kwa hesabu yake zingejenga cha kwake. Mimi nilivutwa kwa sababu nina drili na gari lenye ndoano ya trela, na shemeji yangu si mtu wa kukataliwa. Basi vuli ile Jumamosi zetu zikahamia gerejini kwake, Brooklyn Park.

Fremu haikutupa taabu. Futi 6 kwa 8, mbao za inchi 2 kwa 2, na chini yake mbao mbili nene zilizochongwa pua ili kibanda kiburutike juu ya barafu. Sakafuni tulikata matundu manne, maana Minnesota huruhusu mvuvi mmoja ndoana mbili majira ya baridi, nasi tulikuwa wawili. Ugomvi ulianza tulipofika kwenye kuta za nje.

Shemeji alikuwa na mali ya bure. Jirani yake alikuwa amebandua vinaili ya nyumba nzima, zile pleti za plastiki ambazo Wamarekani huvalisha kuta, akaziegemeza kando ya uzio. "Bure, shem! Unataka nini tena?" Sikumjibu. Tulisubiri asubuhi moja ya Novemba iliyokuwa na baridi ya kuuma masikio, nikachukua pleti moja iliyolala nje usiku kucha, nikaigonga kwa mpini wa nyundo. Ikapasuka kuanzia pembeni hadi katikati, vipande vyenye ncha vikaruka mpaka kwenye theluji. Na hapo baridi ya Januari, ile ya nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri, bado haijaja. Vinaili ni nzuri kwa nyumba iliyosimama mahali pamoja; kibanda cha kuburutwa nyuma ya gari na kugongana na mabonge ya barafu hakiiwezi.

Zikabaki bodi. Za bei ya chini kabisa dukani zilikuwa zile za vibanzi vilivyoshikanishwa kwa gundi. Zikikaa kavu hazina neno, lakini ukingo wake ukinywa maji huvimba na kufumuka. Plaiwudi yenye mifereji, ile ya kuvalishia mabanda, ndiyo iliyompendeza shemeji kwa sura. Nami niliipenda, mpaka tulipoinua karatasi moja ya futi 4 kwa 8 kuipakia. Ilikaribia kilo 25. Tungehitaji kama saba, hapo hujaweka rangi, mlango, jiko wala sisi wenyewe.

Uzito huo ndio ulioniamulia. Idara ya maliasili ya jimbo hupendekeza barafu ya inchi 4 kwa mtu anayetembea kwa miguu, ilhali pikapu inataka zaidi ya futi moja. Mwenye kibanda chepesi hukivuta kwa pikipiki ya theluji mapema msimuni, wakati wenye vibanda vizito wangali nyumbani wakichungulia utabiri wa hali ya hewa.

Mkulima mmoja njia ya Elk River alikuwa anabomoa zizi la ng'ombe, anauza mabati mekundu kwa bei ya kutupa. Nilimuuliza geji, ile namba ya unene wa bati; ikiwa ndogo, bati ni nene zaidi. Alinitazama kidogo, kisha akasema 29. Mimi nimekulia Nyamira, Kenya, ambako anayejenga huulizwa geji kabla ya kuulizwa rangi: 32 ni ya mwenye haraka, 28 ni ya mwenye nazo. Hiyo 29 niliipokea kwa mikono miwili. Kuta na paa, yote kwa pamoja, hayakufika nusu ya uzito wa ile plaiwudi.

Kwenye kupigilia tulibishana tena, safari hii mimi na mkulima. Kwetu msumari wa bati hupita mgongoni, juu ya wimbi, ili maji yapite pembeni. Yeye alisema skrubu yenye raba ikae kwenye bapa, pale bati linapogusa mbao, raba ibanwe sawasawa. Ukiikaza mgongoni bati linabonyea na raba inakaa upande. Kwa mabati yale ya wimbi pana na bapa refu alikuwa sahihi. Matundu ya zamani tuliyaziba kwa silikoni, na sehemu ya chini tukaiacha juu kidogo ya barafu ili theluji iliyoyeyuka isije ikalishika bati likagandamana nayo.

Bati tupu lina ubaya wake, nao si mdogo. Usiku wa kwanza ziwani tuliwasha jiko la gesi, tundu la hewa likiwa wazi kama inavyopasa, maana hewa chafu ya jiko huua watu kwenye vibanda hivi. Baada ya muda dari likaanza kudondosha. Pumzi zetu na mvuke wa jiko viligusa bati la baridi vikageuka maji, na kila kichwa cha skrubu kikaota nywele nyeupe za barafu. Shemeji alivua kofia, akaipangusa, akanitazama bila kusema.

Wiki iliyofuata tulibana foamu ngumu ya inchi moja katikati ya mbao, tukafunika kwa plaiwudi nyembamba ya ndani. Gharama ikapanda, ila bado hatukufikia bei ya ile plaiwudi ya mifereji peke yake. Nje nikabandika vioo vya kuakisi taa pande zote pamoja na jina na anwani ya shemeji, kama sheria inavyotaka.

Machi ilipoingia, vibanda vyote vya upande ule vilitakiwa viwe vimeondoka kabla ya usiku wa Jumatatu ya kwanza. Jumamosi watu walikuwa na mashoka, wanachimbua kuta za bodi zilizonywa maji zikaganda na ziwa. Chetu tulikigonga kwa nyundo ya mpira kuzunguka, barafu ikamwagika, tukakiinua kwa jeki. Jamaa wa kibanda cha pili akaweka shoka chini, akaja kuuliza mabati yale tumeyatoa wapi na kwa kiasi gani. Shemeji, bila hata kunitazama, akamtajia bei ya mabati mapya.