Usingizi wa gesi kwa kichanga mwenye uvimbe mdomoni

Uvimbe wa mdomoni ninaoushughulikia kwa vichanga ni epulisi: nyama laini ya waridi iliyoshikwa na kikonyo kwenye ufizi, mara nyingi ufizi wa juu, na wengi wao ni wasichana. Unatisha, ila kichanga hupumua kwa pua, hivyo akiwa macho mara nyingi hana shida. Shida huja akilazwa kwa dawa: koo linalegea, uvimbe unaangukia nyuma, hewa inaziba. Ndiyo maana, kabla uvimbe haujakatwa, namlaza kwa gesi huku akipumua mwenyewe, na dawa ya kulegeza misuli siigusi mpaka mrija wa kupumulia ukae kwenye koromeo la hewa.

Chumba kiwe nyuzi 26 hadi 28, saa 4 zimepita tangu anyonye, vitamini K ameshapata. Naweka kanula, kijirija cha mshipani, akiwa macho na kumpa atropini, dawa ya kuzuia mapigo ya moyo yasishuke, mikrogramu 20 kwa kilo. Daktari wa upasuaji anavaa glavu kabla sijafungua gesi.

Barakoa ya gesi ndiyo inayosumbua kwanza: uvimbe unaisukuma, gesi inavuja. Nachukua kubwa zaidi, inayoumeza uvimbe wote, na kumlaza ubavu. Gesi yenyewe ni sevofluraini, na oksijeni tupu, napandisha taratibu hadi asilimia 6, pengine 8. Macho yangu yako kwenye mfuko wa mashine, unaojaa na kunywea kwa kila pumzi. Kifua kikiingia ndani na mfuko hautikisiki, njia imeziba: napitisha puani mrija laini uliopakwa jeli, urefu wa kutoka tundu la pua hadi sikio, na gesi inapita humo.

Lignokeini, dawa ya ganzi ninayoitumia kwenye zoloto (mlango wa koo la hewa), inadanganya wengi. Kikomo changu ni miligramu 3 kwa kilo. Pulizo moja la asilimia 10 lina miligramu 10, tayari limempita mtoto wa kilo 3. Navuta ya asilimia 2, mililita 0.4, kwenye sirinji.

Ubao wa laringoskopu, kifaa chenye taa cha kuangalia zoloto, uwe ulionyooka, namba 0 au 1; unaingilia pembe ya mdomo iliyo mbali na uvimbe. Msaidizi anauvuta uvimbe kando kwa gozi mbichi, si kwa koleo lenye meno, maana unavuja damu upesi. Mrija wa kupumulia ni namba 3 au 3.5, sentimita 9 mdomoni kwa kilo 3. Ukizidi, unaingia pafu la kulia. Mate hulowesha plasta na mrija ukachomoka daktari akivuta, kwa hiyo nakausha shavu kwanza.

Kukata kikonyo hakuchukui muda. Nafyonza damu, nahesabu gozi za kooni, na mrija hautoki mpaka afumbue macho na kurusha miguu. Usiku huo analala na kipima oksijeni.