Wazee wetu wawili waliobaki Konde

Upande wa mama, kizazi cha bibi yangu wamebaki wawili tu sasa, Bimkubwa ambae ni dada yake bibi wa toka nitoke, na Babu ambae ndie aliemfuata ziwa Bimkubwa. Wote wako Konde huku Pemba, na wote mashallah akili ziko sawasawa, ni macho na magoti tu, na sikio moja la Bimkubwa, ndio yamechoka.

Sasa ukiangalia kitambulisho cha Bimkubwa kimeandikwa kazaliwa tarehe 1 Januari 1938, cha Babu tarehe 1 Januari 1935, yaani kwa makaratasi mdogo ndio mkubwa! Mambo hayo ya tarehe mosi Januari wazee wengi wanayo, vyeti hawakuwa navyo kwa hiyo mtu anakadiriwa tu basi yanaandikwa. Bimkubwa ukimsomea anakasirika kweli, anasema "Huyu nimembeba mie mgongoni, leo kanipita wapi?" Na ushahidi anao, maana yeye anaikumbuka rupia, si ya kusimuliwa, anakumbuka akitumwa dukani nayo na anakumbuka pesa zilipobadilishwa watu wazima walivyokuwa wakibishana barazani kuwa rupia moja sasa ni shilingi moja na nusu. Rupia iliondoka Zanzibar mwaka 1936. Mtoto wa kutumwa dukani akarudi na chenji yake kamili si chini ya miaka sita au saba, hesabu mwenyewe, Bimkubwa ni wa 1930 au nyuma ya hapo, na mie naamini ni nyuma ya hapo. Babu rupia haijui kabisa, yeye anaanzia vita vya Hitler, mchele wa Burma ulipokatika watu wakashindia muhogo asubuhi na jioni, na yeye ashakuwa kijana wa kupanda mkarafuu.

Bahati Pensheni Jamii, zile pesa za serikali ya Zanzibar kwa wazee kila mwezi, ilipoanza 2016 umri uliotakiwa ulikuwa miaka 70, wote walishapita zamani, kwa hiyo hiyo miaka iliyopotea haikuwanyima kitu. Zilikuwa elfu ishirini kwa mwezi, baadae zikapandishwa hadi elfu hamsini.

Lakini umri sio hasa kilichonifanya niandike. Kuna posa ilikuja kwetu, kijana kakulia Unguja, mzuri, anasali, kazi anayo, kila mtu karidhika na mahari ishatajwa. Bimkubwa yuko pembeni anasuka ukili wake, akauliza tu huyu ni mtoto wa nani hasa, akatajiwa baba, akatajiwa na mama yake ambae kafariki zamani. Akaweka ukili chini. Akasema hawa hawaoani. Kumbe yule kijana mama yake alifariki arubaini haijatimia, na aliemchukua kumnyonyesha ni bibi mzaa baba wa yule msichana wetu, alikuwa na mtoto wake wa mwisho kifuani akawanyonyesha wote wawili, mpaka baba wa kijana alipokuja kumchukua wakavuka Unguja. Kwa hiyo baba yake msichana na yule kijana ni ndugu wa kunyonya, na kwa dini yetu kwenye ndoa ndugu wa kunyonya ni kama wa damu, msichana anaolewa na ami yake! Mashekhe wakaja kumuuliza kwa utaratibu, maana kwa madhehebu yetu ya Shafi lazima itimie mara tano na mtoto awe hajafika miaka miwili, akawajibu "Mwezi mzima usiku na mchana, nyinyi mwaniuliza mara tano?" Posa ikaisha hapo, kwa heshima, hakuna aliegombana.

Alienyonyesha keshafariki, mama keshafariki, baba alikuwa mbali na mambo ya kike hakuyajua. Hakuna cheti duniani kinachoandika nani kamnyonyesha nani. Na zamani kijijini wanawake walikuwa wakinyonyesheana sana, mmoja kaenda kuchuma karafuu siku nzima, mwenzake kabaki na watoto, hivyo kesi kama hii sio moja wala mbili, na vijana wetu leo wanachumbiana wenyewe Dar, Maskati, Uingereza, hawajui hata babu zao walikaa shehia gani.

Ndio maana sasa nina daftari. Nimeanza na nyumba ya kina mama, kila mtoto aliezaliwa, nani alimzalisha, alinyonya kwa nani, na simu naiweka pembeni inarekodi, sauti nazituma kwenye grupu la ukoo. Babu nae nimempa upande wake, mipaka ya mashamba na nani kazikwa wapi, hapo yeye ndio fundi.

Kwa hiyo ndugu zangu mlioko mbali, kabla hamjapeleka posa popote nipigieni kwanza nimuulize Bimkubwa. Ijumaa baada ya alasiri ndio anakuwa mchangamfu. Semeni majina kamili mpaka bibi wa pande zote mbili, na mzungumze kwa nguvu, sikio la kulia halisikii vizuri.