Jinsi Ninavyokimbia na Kisukari cha Aina ya Kwanza

Ushauri niliopewa mara nyingi zaidi tangu nigunduliwe kuwa na kisukari cha aina ya kwanza ni kula kitu kitamu kabla ya mazoezi, nami niliufuata kwa utiifu ambao leo unaniudhi. Hakuna hata mmoja wa washauri hao aliyeniuliza nimejidunga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, lini na kiasi gani bado kinafanya kazi mwilini, ilhali hilo ndilo linaloamua mambo. Kongosho la mtu asiye na kisukari hupunguza insulini lenyewe anapoanza kukimbia, lakini mimi nikishajidunga siwezi kuirudisha kwenye sindano.

Jioni moja nilikula vizuri, nikajidunga dozi kamili ya insulini ya haraka pajani, na baada ya saa moja na kitu nikatoka, kitu kitamu nikiwa nimekwisha kukimeza kama nilivyoagizwa. Kipimo cha sukari ya damu kilisoma milimoli 9 kwa lita, nikajiona bingwa. Insulini hiyo hufikia kilele chake saa moja hadi mbili baada ya kudungwa, na misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata pasipo msaada wake. Isitoshe, damu iliyokuwa ikienda kasi pajani iliifyonza dozi upesi kuliko kawaida. Muda si muda nilijikuta nimechuchumaa kando ya njia, jasho jembamba likinitoka, nikigombana na kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Kipimo sasa kilisoma 2.9, chini mno. Nilitafuna gramu 15 za glukosi, nikasubiri dakika 15, nikapima tena, kisha nikarudi nyumbani kwa mwendo wa bibi harusi.

Siku hizi, kwa kukubaliana na daktari wangu, nikijua nitakimbia muda mfupi baada ya kula hupunguza dozi ya chakula hicho, pengine hata kwa nusu, na sindano huipiga tumboni. Huanza nikiwa kati ya 7 na 10. Nikiwa chini ya 5 hula wanga kwanza. Nikizidi 15 hupima ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, na zikionekana sitoki, kwa sababu mwili uliopungukiwa insulini hupandishwa sukari zaidi na mbio. Vijiti vya kupimia vinanila fedha nyingi, lakini sivionei uchungu. Ninachokipenda zaidi ni kukimbia asubuhi kabla ya kifungua kinywa, wakati ambapo insulini ya haraka haimo kabisa mwilini.

Hila ninayojivunia ni ya mwisho wa mazoezi: nikiona sukari inaanza kuteremka bila kufikia hatari, hutimua mbio kwa nguvu zangu zote kwa sekunde 10 tu. Adrenalini, homoni ya mshtuko, huliamsha ini limwage sukari, na mteremko husita kwa muda. Wapita njia hudhani nimefukuzwa na mbwa. Hila hii haitibu sukari iliyokwisha kushuka. Hiyo dawa yake ni glukosi, nayo haikosi mfukoni mwangu.

Usiku nao una hesabu yake, kwa kuwa misuli huendelea kuvuta sukari ya damu ili kujaza akiba yake hata kwa saa 24. Baada ya mbio ndefu hupima kabla ya kulala, na insulini ya muda mrefu huipunguza kwa takriban asilimia 20, kiwango tulichokipata na daktari baada ya majaribio mengi.