Kauri za Wafalme, Majina ya Askari: Safari ya Dresden, Meissen na Berlin

Treni ya Berlin kwenda Dresden huchukua kama saa mbili, na njia nzima binamu yangu, ambaye ameishi Ujerumani miaka mingi, alikuwa akinionya. "Kakangu, tazama kwanza, kununua baadaye. Jicho likishazoea kitu halisi, cha bandia halikipi nafasi."

Mimi hukusanya vyombo vya kale vya Kijerumani, vya kauri na vya kioo, hasa vyenye mambo ya jeshi na ya wafalme. Watu huniuliza Mmombasa ana nini na vitu hivyo. Nimekua nikiuona pale Fort Jesus mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoishia kwenye delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, na tangu utotoni nilitaka kujua waliokuwa wakiushika walikuwa kina nani. Vitabu vilinitajia makamanda. Wale wadogo nilianza kuwaona kwenye vikombe vyao vya bia.

Dresden tulikwenda moja kwa moja hadi jumba la Zwinger, kwenye mkusanyo wa kauri wa August Mwenye Nguvu, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland. Sahani za Kichina ukutani si kitu kigeni kwa mtu wa Pwani. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka zake. Kilichonishangaza ni wingi. Huyu mfalme alikuwa na tamaa ya kauri isiyotulia, na mwaka 1717 ilimfikisha mahali ambapo mimi bado napata shida kupaelewa: alimpa mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Kwanza, askari 600, naye akapokea vyombo 151 vya kauri ya Kichina. Prussia iliwafanya askari hao kuwa rejimenti ya dragoni, yaani askari wa farasi, na ndiyo maana mitungi mikubwa iliyokuwemo kwenye mabadilishano yale inaitwa mitungi ya dragoni hadi leo.

Nilisimama mbele yake muda mrefu. Ni mirefu, ina vifuniko, rangi yake ya buluu imelala chini ya mng'aro kama iliyopakwa jana. Nakiri ni mizuri mno. Lakini nilihesabu kichwani: askari wanne kwa kila chombo, karibu. Majina ya wafalme wawili yanajulikana, na idadi ya vyombo inajulikana. Kwenye mitungi yenyewe hakuna jina la askari hata mmoja.

Kutoka hapo hadi ukuta wa Fürstenzug ni mwendo mfupi wa miguu. Ukuta una urefu wa mita 102, umefunikwa kwa vigae kama 23,000 vya Meissen, na juu yake watawala wa ukoo wa Wettin, ukoo wa August, wanapita kwa farasi karne baada ya karne, kila mmoja na jina lake. Mabomu ya Februari 1945 yaliteketeza mji, vigae vikabaki karibu vyote. Tulipiga picha, tukaendelea.

Kesho yake tulipanda treni ya mjini hadi Meissen. Kwenye ngome ya Albrechtsburg, juu ya mto Elbe, ndipo kiwanda kilipoanzishwa mwaka 1710, baada ya Johann Friedrich Böttger kufaulu kutengeneza kauri nyeupe ngumu. Böttger alidai anaweza kugeuza madini ya kawaida kuwa dhahabu, na August akamfungia ili ampatie hiyo dhahabu. Kiwanda kilihamishiwa bonde la Triebisch katika karne ya 19, na alama yake ya panga mbili za buluu zilizopishana bado inachorwa kwa mkono. Nilimtazama mchoraji mmoja akifanya kazi: brashi nyembamba, pumzi imezuiwa, mstari mmoja, kisha wa pili. Rangi inanywewa mara moja na chombo ambacho bado hakijapakwa mng'aro, kwa hiyo hakuna kufuta.

Binamu yangu ndiye aliyejua kuhusu Nikolaikirche, kanisa dogo la kale lililo bustanini. Ndani yake kuna kumbukumbu ya watu wa Meissen waliokufa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, kazi ya Emil Paul Börner, iliyokamilika mwaka 1929. Sanamu za kauri zinampita mtu kimo, na kwenye kuta kuna mabamba ya kauri yenye majina. Nilisoma safu moja hadi mwisho, kwa sauti ya chini. Kauri ileile, ya mji uleule uliokuwa wa August, safari hii imewaandika waliotumwa.

Jumamosi tulikuwa tumerudi Berlin, kwenye soko la vitu vya kale la Straße des 17. Juni, karibu na stesheni ya Tiergarten. Kiwanda cha kauri cha KPM, alichokichukua mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia mwaka 1763 na kukipa alama ya fimbo ya kifalme, kiko hapo jirani. Meza zilijaa bilauri zilizochongwa taji na herufi za wafalme, na glasi zenye Msalaba wa Chuma, ile nishani ya kijeshi, na mwaka 1914. Vitu vya enzi ya Hitler mimi sivigusi, hasa kauri ya Allach: kiwanda kile kilikuwa cha SS, kikosi cha chama cha Hitler, na wafungwa wa kambi ya Dachau walifanyishwa kazi humo. Uzuri wa sanamu zake haubadilishi hilo.

Nilichokuwa nakitafuta ni kikombe cha bia cha askari wa akiba. Kijana akimaliza utumishi wake jeshini kabla ya 1914, alijinunulia kikombe cha kauri chenye kifuniko cha bati, namba ya rejimenti, mji, miaka aliyotumikia, jina lake, na kwa kawaida majina ya wenzake kwenye safu mbili kandokando ya mkono wa kushikia. Bandia ni nyingi. Nikigeuza kikombe kuelekea mwanga, picha iliyofichwa kwenye kitako hujitokeza. Ikiwa ni mwanamke uchi, narudisha mezani. Vya kweli huwa na mambo ya kuagana na kurudi nyumbani.

Nilikipata kimoja cha Rejimenti ya 7 ya Bavaria, Bayreuth, 1906 hadi 1908. Simba wa Bavaria amekaa pale kidole gumba kinapobonyeza kufungua kifuniko, na kitakoni askari anaagana na msichana. Meza ya pili kulikuwa na cha Prussia, kizuri zaidi na rahisi zaidi. Tulivutana bei kidogo, nikachukua cha Bavaria. Sababu yangu ni moja: hifadhi ya nyaraka za jeshi la Prussia iliungua Potsdam mwezi Aprili 1945, lakini daftari za askari wa Bavaria wa Vita vya Kwanza vya Dunia zipo München, na mtu anaweza kuomba kuzisoma. Usiku huo binamu yangu alinisaidia kuyanakili majina yote kutoka kwenye maandishi ya Kijerumani cha zamani, moja baada ya jingine, tukaanza kuandika barua ya maombi.