Ninavyoendesha kikao cha kila wiki cha klabu kikaisha ndani ya saa moja

Kikao cha mchana cha klabu ya huduma, yaani ya watu wanaojitolea kwa ajili ya jamii, katika mji mdogo kina saa moja tu. Wanachama wametoka dukani, ofisini au darasani, na kazi zinawasubiri. Kikichelewa kuanza kwa dakika kumi, hasara yote humwangukia mgeni msemaji, aliyeandaa mada ya dakika 20 halafu anaambiwa afupishe akiwa ameshasimama. Ndiyo maana ratiba naipanga kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kengele ya kufunga ni saa 7:30, shukrani zinaanza 7:26, maswali 7:16, msemaji anasimama 6:56. Kikao kikianza 6:30, zinabaki dakika 26 za mambo mengine yote: kufungua 3, kutambulisha wageni 4, taarifa 8, faini na furaha (nitaieleza chini) 7, kumtambulisha msemaji 1, na 3 za akiba. Akiba hiyo haitangazwi, la sivyo italiwa.

Chakula kinafunguliwa robo saa kabla ya kengele ya kufungua. Mstari mmoja wa watu 24, kila mtu akitumia sekunde 20 kujipakulia, unachukua dakika 8. Ukiivuta meza mbali na ukuta watu wapite pande zote mbili, muda unapungua kwa nusu. Taarifa zinasomwa watu wakiwa wanakula, hapo hakuna tatizo. Ila sahani ziondolewe kabla ya msemaji kuanza, na wahudumu waambiwe mapema kwamba kuanzia 6:56 hawaingii ukumbini. Kugongana kwa vijiko kunaua hotuba kuliko kipaza sauti kibovu. Idadi ya sahani naiagiza siku moja kabla: waliothibitisha, pamoja na wageni, toa wale wanaothibitisha kila wiki na hawaonekani. Kila klabu ina watu wa aina hiyo na katibu anawajua kwa majina.

Viti vipangwe pungufu kidogo ya wanaotarajiwa, vingine vikae vimepandanishwa ukutani. Watu 25 kwenye ukumbi wenye viti 60 hujitawanya, mbele panabaki patupu, na mgeni anaiona klabu kama inakufa. Ni afadhali kuongeza viti viwili mbele ya watu. Saa ya ukutani iwe nyuma ya wasikilizaji, ielekee kwa mwenyekiti. Ikiwa nyuma yake, itatazamwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Mwizi mkubwa wa muda ni taarifa. Mtu anasimama kutangaza siku ya kupima macho, mwingine anauliza kwa nini isiwe wiki inayofuata, wa tatu anakumbusha ya mwaka jana, na dakika 12 zimekwenda bila uamuzi wowote. Utaratibu ulioniokoa ni huu: taarifa inafika kwa katibu kabla ya jioni ya kuamkia kikao, ina mambo manne (nini, lini, wapi, nani aambiwe) na inasomwa kwa dakika moja. Haipokei maswali. Chochote kinachohitaji mjadala kinapelekwa kwenye kamati au kikao cha uongozi, ambacho hukaa siku nyingine. Wiki za mwanzo watu hulalamika kwamba wamezibwa mdomo. Malalamiko hupungua wakishaona kamati inaamua kweli na majibu yanarudi kikao kinachofuata.

Kuomba watu wa kujitolea nako kuna namna yake. Ukiuliza ukumbi mzima, "Nani atasaidia Jumamosi?", macho yote yanarudi kwenye sahani. Kazi igawanywe kwa zamu za saa mbili: kupanga viti watu wanne, kuandikisha wawili, kusindikiza wazee watatu, kufagia na kufunga wanne. Karatasi iwe na safu tatu, jina, simu na zamu, ibanwe kwenye ubao mgumu, kalamu ifungwe kwa uzi, kisha ipite mkono kwa mkono wakati taarifa zinasomwa. Ikiachwa mezani karibu na mlango hakuna atakayeijaza. Pia isianze tupu: wanakamati wawili waandike majina yao mapema, kila mmoja kwenye zamu tofauti. Karatasi tupu hupita meza nzima na kurudi ilivyotoka, kwa sababu hakuna anayependa kuwa wa kwanza. Ikirudi, katibu anaipiga picha papo hapo.

Faini na sanduku la furaha ni sehemu inayopendwa na wengi, na huharibika upesi. Mtu anatozwa kidogo kwa kuchelewa au simu kulia, mwingine anachangia kwa hiari na kusema jambo lililomfurahisha. Msimamizi asimtoze mtu yuleyule kila wiki, asimguse mwanachama mpya kwa miezi ya mwanzo, na asitanie biashara wala ndoa ya mtu. Kwenye mji mdogo utani wa mchana unafika sokoni kabla ya jioni. Fedha zihesabiwe na watu wawili kabla hawajatoka ukumbini, ziandikwe, na zisichanganywe: fedha za kuendesha klabu zina akaunti yake, na zilizochangwa kwa ajili ya miradi ya jamii zina yake.

Kupata wasemaji ndiko kunakotoa jasho zaidi, maana mji mdogo huisha wasemaji haraka. Ninaweka kalenda ya wiki nane mbele na kila mwezi kumpa mwanachama mmoja aujaze. Ukimwachia mtu mmoja mwaka mzima, atawaita rafiki zake wote kisha akwame. Mfamasia, fundi wa mitambo ya maji, mwalimu mkuu, mkunga na msimamizi wa zimamoto wana mengi kuliko wanavyojidhania. Wagombea wa siasa ama waalikwe wote ama asialikwe hata mmoja.

Msemaji naongea naye mara tatu. Mara ya kwanza ni wakati wa kumwalika: anaambiwa dakika 20 za mada na 10 za maswali, atakaozungumza nao ni nani, na kwamba hapa si mahali pa kuuza bidhaa wala kuchangisha. Mara ya pili, wiki moja kabla, anatuma maneno 60 hadi 80 ya kumtambulisha. Asipotuma, anayemtambulisha atasoma wasifu wa kurasa mbili. Mara ya tatu ni siku moja kabla, kuthibitisha saa na mahali. Slaidi zije pia kwa PDF, kwa sababu zikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine herufi huhama na picha kufunika maandishi. Projekta na kebo vijaribiwe saa 6:10, si mgeni akiwa amesimama.

Hata hivyo, kuna siku msemaji hatafika. Kwa siku hiyo mwanachama mmoja awe na mada ya akiba kuhusu kazi yake: analipwaje, nini kinaharibika, wateja wanakosea wapi. Mara nyingi hizo huwa nzuri kuliko za wageni.

Msemaji akiwa mbele, mtu wa meza ya nyuma anainua kadi ya dakika 5, kisha ya dakika 1. Muda ukiisha, mwenyekiti anasimama. Haongei, anasimama tu. Msemaji akipitiliza, dakika zikatwe kwenye maswali, saa ya kufunga isiguswe.

Kuna klabu zinazolegea kuhusu mahudhurio na zingine zinazobana mno. Rotary, leo mtandao wa klabu za namna hii duniani, ilipoanzishwa na Paul Harris na wenzake watatu huko Chicago mwaka 1905, kikao kilihama kutoka ofisi ya mwanachama mmoja hadi nyingine kwa zamu, na jina likatokana na mzunguko huo (kwa Kiingereza, rotation). Mahudhurio ya kila wiki yalisimamiwa kwa ukali kwa miongo mingi. Tangu mwaka 2016 klabu zake zimepewa uhuru mpana wa kujipangia, ilmradi zikutane angalau mara mbili kwa mwezi. Katiba yake ya kawaida humhesabu mtu kuwa amehudhuria akikaa asilimia 60 ya kikao, isipokuwa klabu imejiwekea kanuni nyingine. Kwa ratiba yangu hiyo ni hadi 7:06. Anayekula na kuondoka msemaji anaposimama hajahudhuria, na daftari la mahudhurio liseme hivyo bila aibu. Lakini namba si kila kitu. Mtu akikosa vikao viwili mfululizo, apigiwe simu na mwanachama aliyemleta, si na katibu. Simu ya katibu inasikika kama deni.

Wageni wasiketishwe meza kuu. Kila mmoja apewe mwenyeji wa kula naye, ambaye pia atamtambulisha kwa sentensi mbili, jina na kazi. Mgeni akisimama kujitambulisha mwenyewe, dakika 4 huwa 9.

Kengele ikishagongwa, wale wenye kazi ya wiki ijayo wabaki dakika tano wakiwa wamesimama: msemaji yupo, zamu zimejaa, chakula cha wangapi. Wakiketi inakuwa nusu saa. Barua fupi ya shukrani kwa msemaji iende ndani ya siku mbili, itaje jambo moja alilolisema. Kumbukumbu zisizidi ukurasa mmoja: waliohudhuria, maamuzi, nani afanye nini na lini.