Shombo ni ya samaki gani?

Wiki hii nimekuwa nikisumbuana na kamusi juu ya harufu. Angalia shombo, utaambiwa harufu ya samaki. Haya, vumba? Harufu ya samaki pia. Yaani ukitaka kujua inanuka vipi utafute samaki mwenyewe umnuse, kamusi imenawa mikono.

Sawa, lakini samaki gani? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kwa hivyo huyo samaki wa kwa kamusi ni wa bahari, na sisi huku Kisumu tunakula wa ziwa, na hawanuki sawa, si maringo yangu hayo. Samaki wa bahari ana kemikali kwa nyama inayomsaidia kuvumilia chumvi, akishakufa bakteria wanaigeuza kuwa trimethilamini na hiyo ndiyo inakupiga pua, ndio maana ukikamulia ndimu inatulia, asidi inaishika isiruke hewani. Wa ziwa hana nyingi ya hiyo kitu. Mumi, yaani kambare, ukimpasua unapata zaidi ile harufu ya matope, na hiyo inatoka kwa geosmini, inatengenezwa na bakteria wa udongoni na majini, na pua ya binadamu inaidaka hata ikiwa kidogo kabisa.

Sasa cha kunifurahisha ni hiki, geosmini hiyo hiyo iko ndani ya ile harufu tamu ya ardhi kavu ikipata mvua. Waingereza wana neno lake, petrichor, liliundwa na wanasayansi wawili wa Australia mwaka 1964, si neno la mababu. Sisi tunasema tu udongo unanukia na tunaelewana, lakini kwa mumi tunasema ananuka. Kitu kimoja, kwa udongo sifa, kwa sufuria malalamiko!

Alafu kuna hii tabia ya kamusi kuandika "harufu mbaya" na kusonga mbele. Mbaya kwa nani? Omena, wale dagaa wa ziwa, ikianikwa ufuoni Dunga mgeni anaziba pua, lakini mama anayeuza soko la Kibuye anachota mkono mmoja, ananusa, anakwambia hii ilinyeshewa ikarudishwa juani, usinunue. Huyo ana maneno, ni vile hakuna mtu wa kamusi amewahi kukaa karibu na gunia lake. (Kikwapa walau waliandika vizuri, lakini hapo hata mtoto hahitaji kamusi.)

Watu wa Jahai kule Malaysia wana maneno ya harufu yenyewe bila kutaja kinachonuka, utafiti wa 2014 ulionyesha wanataja harufu kwa urahisi kama rangi. Mimi sijafika huko, ila ningepewa kalamu ningeongezea kwa kamusi hivi: shombo, harufu ya samaki, hasa wa bahari, kwa mumi wa Kisumu tazama mvua.